Mwili Aliorudi Nao Mama Rukia

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Ilikuwa katika zahanati ya mgodi, upande wa Geita, miaka michache baada ya Uhuru, wakati mgodi ule wa zamani haujafungwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeajiriwa mhudumu wa wodi, yaani mtu wa kuosha, kutandika na kumwaga. Walinipeleka kwa mchimbaji aliyeangukiwa na mwamba kiunoni. Mkojo na choo vilimtoka vyenyewe, hana habari navyo. Nilifunua shuka, nikakimbilia nje.

Mkubwa wetu pale alikuwa Mganga Msaidizi, maana daktari alifika mara moja tu kwa wiki. Alinifuata hadi nyuma ya jiko. Hakunifokea.

"Binti," alisema, "yule bwana uchafu wake hauoni. Anachokiona ni uso wako. Kanawe, halafu urudi na uso mwingine."

Nilinawa, nikarudi. Nilimwosha yule bwana kila asubuhi kwa miezi mitatu, mpaka ndugu zake walipokuja kumchukua. Ninyi wauguzi wa leo mna glovu za kuvaa na kutupa. Sisi glovu tulizifua, tukazianika kwenye kamba, tukazipaka poda na kuzivaa tena mpaka zitoboke. Mpira wa kutandika chini ya mgonjwa ulikuwa mmoja kwa vitanda vitatu. Lakini kazi niliipenda, sijui kwa nini. Labda kwa sababu kwetu, kwa Wasukuma, mtoto wa kike wa tano haulizwi maoni yake juu ya jambo lolote, na pale wodini mtu mzima aliniita na kuniuliza, "Nesi, nitapona?"

Mgodi ulipofungwa nilipelekwa hospitali ya misheni, nikasomea uuguzi na ukunga chini ya Sista Mkufunzi, mzungu mmoja mrefu aliyesema Kisukuma vizuri kuliko Kiswahili. Kutoka hapo nikapangiwa vituo viwili vya vijijini, na baada ya miaka ya vijiji vya ujamaa nikahamishiwa Shinyanga mjini, kliniki ya mama na mtoto ya hospitali ya mkoa. Mkubwa wangu huko alikuwa Matroni. Mwanamke mfupi, sare yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Wauguzi walimwogopa kuliko Mganga Mkuu.

Katika kliniki hiyo ndipo nilipokutana na Mama Rukia, na habari yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu kwa miaka yote ya kazi hakuna mgonjwa aliyenishtua kama yeye, na hata aliponishtua hakuwa na kosa lolote; kosa lilikuwa langu.

Mama Rukia alikuwa kungwi. Watu wake walitoka pwani zamani na reli, wakafanya makazi Shinyanga, na hapakuwa na harusi ya Kiislamu mjini pale ambayo bibi harusi hakufundwa na yeye. Alikuwa mnene, mnene hasa, na kwetu hilo halikuwa aibu. Wasukuma walimwona wakasema huyo mume anamtunza. Akipita sokoni watu walimpisha kwa heshima, si kwa dhihaka. Alikuwa na kicheko kilichoanzia tumboni, ukikisikia na wewe unacheka hata kama hujui sababu.

Siku moja alimleta mjukuu wake kupimwa uzito. Mtoto alimkojolea karani wetu, sote tukacheka, na Mama Rukia akacheka kuliko sote. Ghafla alinyamaza. Alishika mlango kwa mikono miwili. Nilipotazama chini niliona sakafu imelowa, na si kwa mkojo wa mtoto.

Nilimwingiza nyuma ya pazia. Alikaa, akafunika uso kwa ncha ya kanga.

"Tangu uzazi wa nne," aliniambia. "Nikikohoa, nikicheka, nikiinua ndoo. Nimezaa saba. Harusini sasa nafunda nimesimama, nikikaa mkekani naogopa kuuchafua. Na swala, Sista Milembe, nasali na moyo wangu hauna hakika kama udhu bado ninao."

"Umemwambia nani?"

"Nimekwambia wewe."

Nilimpa pole. Nilimpa na vipande vya pamba. Hicho ndicho nilichompa, pole na pamba, na leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Muda si mrefu alikuja na barua. Mdogo wake wa kiume alikuwa baharia, akalowea Ulaya, akaoa huko. Alikuwa amemsimulia daktari wa huko habari za dada yake, na daktari akaandika karatasi mbili za Kiingereza. Nilimsomea na kumfasiria. Daktari alisema unene wake ndio unaokandamiza kibofu, na kwamba kuna upasuaji mpya wa kuondoa unene. Utumbo mwembamba unakatwa karibu na mwanzo wake, unaunganishwa karibu na mwisho wake, na sehemu kubwa ya katikati inaachwa kando bila kazi. Chakula kinapita njia fupi, mwili unakosa nafasi ya kukinyonya, mtu anapungua.

Mama Rukia alisikiliza kama anayesikiliza hukumu.

"Sista, ungekuwa wewe, ungekwenda?"

Nilikuwa nimeshika karatasi ya Kiingereza yenye muhuri. Nilijiona msomi. Nikasema, "Ningekwenda kesho."

Akaenda.

Miezi kumi na moja baadaye, asubuhi ya kliniki, foleni imefika barabarani, mama mmoja aliyekonda alisimama mbele ya meza yangu. Sikuinua macho vizuri. Nilimwambia, "Kadi yako, mama."

"Milembe. Hunijui?"

Sauti ilikuwa ya Mama Rukia, nzito, ya tumboni. Nikainua kichwa. Wallahi, kalamu ilinidondoka. Uso ule sikuwahi kuuona. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, macho yametoka, na shingo ilikuwa ngozi tupu iliyokunjamana kama shingo ya bibi wa miaka themanini. Alikuwa hajafika hamsini. Nilisema "Shikamoo".

Nyuma ya pazia aliniomba nimwangalie. Alifungua kanga tatu alizojifunga moja juu ya nyingine, na ndipo nilipoelewa kwa nini ni tatu. Nyama ilikuwa imeondoka lakini ngozi imebaki. Ngozi ya tumbo ilimshuka mpaka kwenye mapaja kama aproni. Chini ya mikono ilining'inia. Maziwa yalikuwa mifuko mitupu. Katikati ya tumbo palikuwa na kovu refu, limenyooka, kutoka kifuani hadi kitovuni. Nilikuwa nimeona maiti, nimeona waliopasuliwa na baruti, na bado nilirudi nyuma hatua moja. Nilikumbuka maneno ya Mganga Msaidizi nikajitahidi kuushika uso wangu. Sidhani niliweza, kwa sababu aliniambia, "Usijali. Hata mimi kioo nimekigeuzia ukutani. Nikipita nikijiona najiuliza, ni nani huyu kaingia nyumbani kwangu?"

Halafu akafanya jambo la ajabu. Alikohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, kama mtu wa kifua.

"Umeona?" alisema, na macho yake yakang'aa. "Hakuna kitu! Mkojo umekoma, Milembe! Na miguu yangu naiona. Miaka kumi na miwili sikuwahi kukata kucha zangu mwenyewe."

Nilitaka kufurahi naye. Kabla sijasema neno, uso wake ulibadilika, akazishika zile kanga kifuani akakimbilia mlango wa nyuma kuelekea chooni. Hakufika. Alisimama uani, katikati ya akina mama waliokuwa wakinyonyesha, na ilimtoka yote pale, maji matupu yenye harufu ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima aliye hai. Mtoto mmoja akalia. Mama yake akamvuta upande.

Nilimwosha mimi mwenyewe. Huku nikimwosha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba ni mara kumi na tano kwa siku, wakati mwingine ishirini, na kwamba onyo lake ni fupi kama kupepesa jicho. Kule Ulaya walimwambia itatulia. Haikutulia.

Ninyi mliozaliwa baadaye hamjui miaka ile ilikuwaje. Sabuni ilikuwa ikitafutwa kama dhahabu. Kanga ziligawiwa dukani kwa foleni, na familia ilipata moja, kama ilipata. Mtu asiyeweza kuzuia choo, na hana sabuni, na hana nguo ya kubadili, fikiri mwenyewe. Tulimtengenezea pedi kwa pamba mbichi iliyotoka kiwanda cha kuchambua pamba, tukaifunga ndani ya vitambaa vya mashuka chakavu ya wodi. Matroni aliniona nikikata shuka. Aliniletea jingine.

Jambo la swala ndilo lililomtesa kwanza. Zamani alikuwa na shaka, sasa hakuwa na shaka hata kidogo: udhu haukudumu. Akaacha msikiti, akaacha hata kusali nyumbani, akisema hawezi kusimama mbele ya Mola wake na najisi. Mimi ni Mkristo, sikujua la kumwambia. Nilikwenda kwa shehe wa mtaa wao, nikamweleza bila kutaja jina. Alinisikiliza, akasema, "Huyo ni mwenye udhuru. Uingiapo wakati wa swala, ajisafishe, ajifunge kitambaa safi, atie udhu, asali papo hapo. Kitakachotoka baada ya hapo si juu yake. Mwambie Mungu hakumfungia mlango." Nilipomfikishia maneno yale Mama Rukia alilia mpaka kanga ikalowa, na Ijumaa ile akasali nyumbani kwake.

Lakini watu hawakuwa na rehema ya yule shehe. Wakati huo habari za ugonjwa mpya zilikuwa zimeanza kutufikia kutoka upande wa Kagera. Walisema mtu anakonda, anaharisha, anakufa. Mama Rukia alikuwa amekonda, na anaharisha. Nani angewaeleza habari za utumbo uliounganishwa Ulaya? Wengine walisema amerogwa, wengine walisema baya zaidi.

Nilikuwepo katika harusi ya binti wa jirani yake. Kungwi alikuwa mwanamke mwingine. Mama Rukia alikaa pembeni, karibu na mlango, kwa tahadhari. Chai ilipoletwa kila mtu alipewa kikombe. Yeye aliletewa kopo la maziwa ya unga, lililotobolewa ukingoni na kufungwa uzi mwekundu ili lisichanganywe na vyombo vingine. Msichana aliyelileta nilimjua. Mama Rukia ndiye aliyemfunda.

Alilishika lile kopo. Alikunywa chai yote, taratibu, mpaka tone la mwisho. Kisha alisimama, akamwaga machicha nje, akaniambia, "Tutoke, Sista." Njiani alinitangulia. Mimi ndiye niliyekuwa nikilia.

Mumewe, Mzee Hamadi, alikuwa mnunuzi wa pamba, mtu mpole kwa wateja. Alikuwa amehamishia kitanda chake chumba cha barazani. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia rafiki yake, "Niliaga mlima, nimerudishiwa bonde." Walicheka. Mama Rukia alikuwa ndani, dirisha liko wazi.

Baadaye mwili wenyewe ulianza kukataa. Vidole vilimkaza, miguu ikamkakamaa, jua likizama haoni vizuri. Mchana mmoja alianguka sokoni, moyo ukidunda bila mpango. Akaletwa kwetu kwa mkokoteni wa magunia.

Daktari wa Upasuaji wa wakati ule alikuwa kijana wa Kitanzania, aliyerudi masomoni, mtu wa maneno machache. Alisoma karatasi za Ulaya, akampima, akaniita mimi na Mzee Hamadi kando ya kitanda ili mgonjwa naye asikie.

"Utumbo ni kama reli," alisema. "Treni ikitoka Tabora inasimama kila kituo, inashusha mizigo, mpaka Mwanza. Mama huyu wamemwekea treni isiyosimama popote. Shinyanga haishushi, Malampaka haishushi. Mizigo yote inamwagwa mwisho wa safari, ndiyo maana choo ni maji. Na njiani vituo vyote vina njaa. Chumvi za damu zimeisha, ndiyo maana moyo unayumba. Tukimwacha hivi atakufa. Tukirudisha reli ilivyokuwa, atapona."

"Rudisheni basi, leo hii," alisema Mzee Hamadi.

"Sitaki," alisema Mama Rukia.

Sote tulimgeukia.

"Sitaki. Wakirudisha, nitanenepa?"

"Utanenepa," alisema daktari.

"Na mkojo utarudi?"

Daktari alikunja karatasi za Ulaya. "Huenda."

"Basi niacheni. Mnataka nichague nivuje mbele au nivuje nyuma. Nimechoka kuchagulishwa kati ya mabaya mawili. Afadhali nife nikiiona miguu yangu." Akageukia ukutani.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimeshtuka kiasi cha kusahau zamu yangu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ndani ya mwili ule ulioharibika kulikuwa na kitu anachokipenda. Mimi niliona ngozi iliyoning'inia. Yeye aliona pia miguu yake.

Matroni alinikuta pale. Nilimweleza yote, tangu ule mkojo mlangoni. Alisikiliza amesimama, mikono nyuma.

"Kabla ya kwenda Ulaya," aliuliza, "ulimfundisha mazoezi?"

"Mazoezi gani, Matroni?"

"Ya nyonga. Wewe ni mkunga."

Nilifundishwa. Sista Mkufunzi alitufundisha darasani, kwa Kisukuma, kwa kutukodolea macho tusicheke: chini ya nyonga kuna misuli inayobeba kibofu na kizazi kama machela, uzazi huilegeza, mwanamke aikaze kama anayekatiza mkojo, ahesabu mpaka kumi, aachie, arudie, kila siku, kwa miezi. Tuliandika, tukafanyia mtihani, nikapata alama nzuri. Nikafika vijijini na sikuwahi kulisema hata mara moja kwa mwanamke yeyote, kwa sababu niliona aibu kutamka mahali penyewe.

"Hapana, Matroni," nilisema. "Sikumfundisha."

Nilingoja anifokee. Angenifokea ningefarijika. Alisema tu, "Basi amevuka bahari kwenda kukatwa utumbo kwa kitu ambacho pengine kingetengenezwa akiwa amekaa kwenye kiti jikoni kwake. Ingia ndani ukamwambie hivyo. Usiniambie mimi."

Nimefanya kazi nyingi ngumu. Hakuna iliyokuwa ngumu kama kutembea kutoka ngazi zile mpaka kitanda kile. Nilivuta stuli nikamwambia yote, pamoja na kwamba mimi ndiye niliyesema ningekwenda kesho.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mama Rukia. Niliona haya kusema."

"Haya," alirudia. "Mimi kungwi. Nimewaambia wasichana mambo ambayo wewe ukiyasikia utakimbia. Na wewe ukanionea haya mimi."

Hakusema amenisamehe. Hakuwahi kusema, mpaka anakufa. Alisema, "Nifundishe sasa. Nikiona inafanya kazi, nitakubali kisu chao."

Daktari alimtundikia dripu za chumvi kwa siku nyingi, na kila siku, asubuhi, mchana na jioni, nilikaa kwenye stuli ile tukahesabu mpaka kumi. Mwanzo hakuweza kufika tatu. Wiki ya nne alifika nane, na siku moja aliweza kulizuia tumbo kwa muda wa kutosha kutembea hatua kumi na mbili mpaka chooni. Alirudi akaniambia, "Nimekubali." Akapelekwa hospitali ya rufaa, Daktari wa Upasuaji akafuatana naye, wakaurudisha utumbo mahali pake.

Alinenepa tena, ingawa hakufikia unene wa zamani. Mkojo ulirudi kidogo, akauhesabia, ukapungua mpaka ukabaki kwenye kikohozi kikali tu. Makovu mawili yalibaki, na ngozi ya mikono haikurudi kamwe. Alishona magauni ya mikono mirefu. Mzee Hamadi alipotaka kurudisha kitanda chumbani, alijibiwa, "Kaa hukohuko barazani mpaka nikuite." Mji mzima ulilisikia. Alimwita baada ya mfungo wa Ramadhani.

Na alirudi kufunda. Mabibi harusi wa Shinyanga wa miaka iliyofuata walifundwa pamoja na mama zao na shangazi zao, maana Mama Rukia alikataa kumfunda msichana peke yake. Aliwaweka wote mkekani akawaambia wakaze, wahesabu. Yule msichana wa kopo alikuja amebeba mtoto, akakaa nyuma kabisa. Mama Rukia alimwita mbele. Nami kliniki nikaanza kusema. Mara ya kwanza niliwaambia akina mama nikitazama dari. Mama mmoja akauliza swali, na foleni ya siku ile haikuisha mpaka saa kumi.

Nilistaafu baada ya miaka thelathini na sita. Nimepewa cheti, kimetundikwa ukutani nyumbani Kalangalala, mjini Geita, ambako naishi na binti yangu Kabula. Vijana wanapokuja kuniuliza kazi ilikuwaje, wanataka habari za kipindupindu na uhaba wa dawa. Mimi huwaambia kwamba dawa zilizokosekana stoo ziliandikwa kwenye daftari, tukaziagiza. Zilizokosekana mdomoni mwangu hakuna daftari lililoziandika.

Mwaka jana nilianza kuvuja. Nilipiga chafya, nikahisi. Mnafikiri nilifanya nini, mimi niliyesema hayo mbele ya maelfu ya wanawake? Nilificha. Miezi minne nilifua kanga zangu alfajiri kabla Kabula hajaamka, nikazianika ndani ya chumba, dirisha limefungwa. Nilipogundua ninachokifanya, nilishtuka kama siku ile kalamu iliponidondoka.

Nilimwita Kabula jikoni. Ana miaka arobaini na mitano, ni mwalimu, ana watoto watatu. Nilimwambia, bila kutazama dari.

Akaweka chini mwiko.

"Mama," alisema, "na mimi. Tangu nilipojifungua mapacha."

Mapacha wako kidato cha nne.